Kumtafutia Salma Maji

Wenzangu wa kahawa ya asubuhi, kila mmoja ananiuliza, huyu mlangoni, huyu kwenye simu: "Zuwena, mlikwenda wapi siku zile, mbona umerudi umenyamaza?" Mie kunyamaza! Hapo lazima pana jambo. Nikihadithia mara nne nitatia chumvi, najijua, basi nasema mara moja kwa nyote. Skuli niliishia darasa la pili Unguja, kwa hiyo nasema mie, anaandika Ahlam mjukuu wangu, na nimemwapisha asinisahihishe.

Mnamjua dada yangu Salma, wa Misfa, kile kijiji cha juu mlimani kupita Nizwa. Alinipigia Jumanne. Salma si mtu wa kulia, na alikuwa akilia. Falaj yao, ule mfereji unaotoa maji chini ya mlima na kuyagawa shamba kwa shamba, imekonda. Mvua siku hizi ama haiji, ama inakuja yote siku moja inabeba ukuta na gari. Zamu ya maji iliyokuwa ikimrudia mtu baada ya siku nane, sasa itarudi baada ya siku kumi na sita. Mtende ulioota juu ya mwamba, kwa jua hili la sasa, siku kumi na sita haungoji. Na wakili wa falaj, ndiye mwenye kugawa zamu, amesema Ijumaa baada ya sala anapanga upya, na kila mwenye haki aje aseme kwa kinywa chake.

"Maji ya baba yetu ni ya watu watatu," Salma akaniambia. "Mie, weye na kaka Nassor. Njooni mniachie mafungu yenu. Nikiyaunganisha matatu, mitende yangu itaishi. Msipokuja, mwakani msiniulize tende."

Nikamwambia tutakuja. Kaka Nassor yuko Sur. Nikampigia, simu ikalia mpaka ikachoka. Nikapiga tena, kimya. Nikasema basi, namfuata.

Ibra mpaka Al Kamil

Tuliondoka Ibra Jumatano, nimeshamaliza soko letu la wanawake. Ahlam ndiye dereva. Mnajua kazi yake, yuko ofisi ya mambo ya hewa na maji, na anakwenda mikutano ambayo watu wa Asia nzima wanakaa chumba kimoja, wa India, wa China, wa wapi na wapi, wanasema dunia imekuwa moto, tufanyeje.

"Na mkishasema?" nikamuuliza.

"Tunaandika, Bibi."

"Mkishaandika?"

"Tunakutana tena."

Nikacheka mpaka mtandio ukanianguka. Yeye alicheka kidogo, kisha akasema, "Si maneno matupu, Bibi. Visima vimetiwa mita. Mtu hawezi tena kuchimba kisima karibu na mama wa falaj, kile kisima falaj inakoanzia. Mabwawa yanajengwa, wadi, lile bonde la maji ya mvua, ikishuka maji yasikimbilie baharini."

"Na Salma?"

Akaongeza mwendo.

Kabla ya Al Kamil kile kipoza hewa cha gari kikafa. Lo! Nje moto, ndani moto, upepo ukiingia kama mtu kakufungulia tanuri. Tukakimbilia kibanda cha chai kando ya njia ya Sur. Mwenyewe Mhindi wa Kerala, mtu mzima, Kiarabu chake cha dukani lakini kinakwenda. Alipotuona tulivyowiva akatuletea maji kwanza, chai baadaye, na chapati zake zile za mayai, laini, tamu. Mie nikila sinyamazi. Nikamwambia tunakwenda kumtafutia dada yangu maji.

Akatikisa kichwa. Kwao, anasema, mvua ilimomonyoa mlima ukaiangukia nyumba ya ami yake. "Mama," akaniambia, "mchana wateja hapa wananiambia niombee mvua. Nikimpigia mke wangu ananiambia niombee isimame. Sijui niombe lipi."

Nikamwambia, "Omba Mola agawe sawasawa." Akasema amin. Alimpata fundi wa kuja kutazama kile kipoza hewa, na fundi akakaa nacho mpaka alasiri. Tulipoondoka mwenye kibanda alitutilia chai kwenye chupa, akakataa kabisa kulipwa.

Sur, na alikokimbilia kaka

Kaka Nassor hakai tena kule chini karibu na bahari. Ile tufani ilipoingiza maji nyumbani mara ya pili, serikali iliwapa viwanja huku juu, mtaa mpya, nyumba zote rangi moja, mpaka Ahlam akagonga mlango wa watu.

Wifi yangu alitufungulia akanikumbatia, lakini macho yake yakawa hayatulii. Akatupakulia wali wa papa mkavu na ndimu ya kupika. Wallahi Sur wanajua papa. Nikala sahani ya kwanza, nikaanza ya pili, ndipo nikauliza, "Kaka yuko msikitini?"

"Kaka yako aliliona jina lako kwenye simu," akasema, "akavaa kofia, akamwita mtu wa taksi. Yuko Ras al Jinz kwa Hilali."

Hilali ni mwanawe, anafanya kazi kile kituo ambacho wageni wanakuja kutazama kasa. Nikasema masikini, uzee umemwingia, kasahau mie ni nani. Wifi akatazama sahani. "Hajasahau kitu, Zuwena," akasema, akaniongezea papa.

Ras al Jinz tukamkuta amekaa kiti cha plastiki kwa nyuma, anatazama ukuta.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umenifuata mpaka kwa kasa?"

"Na baharini ningeingia. Salma analia."

Alikuwa na sura ya mtu aliyemeza mwiba. Nikamweleza habari ya zamu na habari ya Ijumaa, na yeye ananisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Mwisho akasema, "Tulale. Alfajiri tutaona."

Alfajiri Hilali akatushusha pwani. Kasa mkubwa kama meza ya kulia alikuwa anarudi majini, anajivuta, anapumua kama mie ngazini. Hilali akatuambia mayai yanaanguliwa na joto la mchanga. Mchanga ukiwa wa baridi kidogo wanatoka madume, ukiwa moto wanatoka majike.

"Na sasa?"

"Sasa mchanga moto, shangazi. Tunaogopa mwisho watakuwa majike watupu."

"Masikini wee, nani atawaoa?"

Ahlam akacheka. Hilali hakucheka, na mie nikaona haya. Kaka Nassor alikuwa amesimama nyuma yetu na fimbo yake na kifurushi mkononi. "Haya," akasema. "Nipelekeni kwa Salma." Mie furaha yangu! Nilidhani kasa amemlainisha moyo.

Kurudi nyuma, na wadi ikatufunga

Kutoka kule mpaka Ibra mie ndiye niliyesema njia nzima. Kaka alijibu "ee" tatu. Tumeshapita Ibra, tunakaribia Mudhaibi, mbingu za upande wa milimani zikawa nyeusi kama chungu. Simu ya Ahlam ikalia ule mlio wa serikali, jihadharini na wadi. Zamani hayakuwepo hayo, wadi ikikukuta imekukuta. Kupita Mudhaibi kidogo askari wamefunga njia. Mbele yetu maji! Yale ya rangi ya udongo, yanabeba magogo, pipa, na mbuzi mmoja aliyekwisha kufa. Kule Misfa watu wanagaiana maji kwa dakika, na hapa yanakwenda bure, hakuna wa kuyaambia simameni.

Magari yakajipanga. Nyuma yetu lori la saruji, dereva Mpakistani mwenye ndevu za hina. Ahlam akateremka kuuliza habari, akarudi na chapati na dengu, kwa sababu yule bwana alikuwa na jiko lake kabisa, anapika ubavuni mwa lori. Tukala naye, tumekaa juu ya mawe. Akasema kwao mto ulipotoka ulikaa shambani majuma na majuma, mama yake akaishi juu ya kitanda kando ya barabara pamoja na ng'ombe. Akaionyesha wadi kwa kidole. "Hii ndogo, mama. Hii kesho imeondoka."

Ahlam akamuuliza mengi, anaandika kwenye simu. Mie nikageuka, nikamwona kaka Nassor anatazama yale maji na machozi yanamshuka kwenye ndevu.

"Zuwena."

"Naam kaka."

"Sina maji ya kumpa Salma. Wala weye huna."

"Baba alikuwa nayo."

"Baba alikuwa nayo. Mie niliyatoa."

Akaniambia. Tulipokuja kutoka Unguja, yeye ndiye mwanamme, akapanda Misfa kumwona ami yetu, kudai cha baba. Ami akamwambia, mwanangu, vyote siwezi, nina watoto. Chagua, mitende na ardhi yake, au fungu la maji. Huku Oman, wenzangu, mwajua, ardhi mbali na maji mbali. Mtu ana shamba hana maji, mwengine ana maji hana hata mtende mmoja. Siye tuliozaliwa Unguja tungelijuaje? Mkarafuu unaupanda, masika inakuja, vuli inakuja, nani aliwahi kugaiwa maji kwa saa?

"Nilicheka moyoni," kaka akasema. "Nikaona ami mjinga, ananipa shamba zima, yeye anabaki na maji ya mfereji. Nikachukua ardhi."

Nikamkumbuka aliporudi. "Tumepata shamba!" Na siye tukapiga vigelegele, tukapika pilau.

"Na maji yanayomfikia Salma miaka yote hii?"

"Ya Khalfan."

Khalfan ni mtoto wa ami, Mungu amrehemu. Maji yale aliyarithi yeye. Zamu yake ikija anamwagilia mitende yake, kisha anaondoa jiwe, maji yanateremka kwa Salma. Alimwambia kaka, "Nyamaza, usimvunje moyo dada yako." Akafa amenyamaza. Na mkewe, Thuraya, naye amenyamaza, na jiwe anaondoa mpaka leo.

Nilipolisikia jina la Thuraya nikashika kichwa. Kwa sababu Salma na Thuraya hawasemezani. Mwaka maji yalipoanza kupungua, Salma alimwita mwizi wa maji, mbele ya wanawake wote, penye birika la kufulia.

"Mpigie weye umwambie," kaka akaniomba. "Weye unajua kusema."

"Kaka, nakupenda na nakuheshimu. Kinywa kilichotuambia tumepata, hicho hicho kitamwambia hatuna."

Jioni askari wakaturudisha Mudhaibi. Watu wasiotujua hata jina wakatufungulia nyumba, wakatupa kahawa, tende na magodoro. Mie, mnanijua kwa kula, nikala tende moja tu.

Nizwa, kaka anachelewesha

Ijumaa asubuhi wadi imeshaondoka, kama alivyosema yule bwana, imeacha matope na samaki wadogo wamefia njiani. Tukafika Nizwa mapema, na hapo kaka Nassor akaanza mambo. Kwanza anataka kinyozi. Haya, kanyolewa. Kisha anataka halwa, mtu haendi kwa dada yake mikono mitupu. Mwenye halwa akatuonjesha ya zafarani, ya sukari guru, ya tini. Mie nikaonja zote, huyo ndiye mie. Kaka akachagua, akarudisha, akachagua tena. Kisha akasimama kwenye duka la viatu.

"Kaka, una miaka themanini. Viatu vipya vya kwenda wapi?"

"Hivi vinanibana."

"Kinachokubana si viatu."

Ahlam akageuza uso. Kaka akaviweka vile viatu polepole, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, na jua lile linachoma mawe. "Zuwena, akinifukuza?"

"Akikufukuza tutafukuzwa sote. Twende."

Misfa

Mnaijua Misfa, gari linaishia juu na mtu anateremka kwa ngazi, na magoti yangu haya. Mzungu mmoja, bibi wa makamo, mgeni wa zile nyumba za kulala wageni, akanishika mkono kunisaidia. Alidhani mie wa pale, akaniuliza kwa ishara maji yako wapi, anataka kupiga picha. Nikamwonyesha. Mfereji uleule ninaoujua mie, umejaa mpaka watoto wanaingia, sasa maji yake yamelala chini kama utepe. Akapiga picha hivyo hivyo.

Salma alitusubiri mlangoni na kanga yake ya Unguja, amepika biriani, amepika mkate wa kumimina, amefukiza udi. Akamkumbatia kaka mpaka kofia ikamtoka. "Mmekuja! Nimeshamwambia wakili, ndugu zangu wako njiani. Wanaume wanatoka msikitini sasa hivi, tule baadaye." Kaka akainama kuiokota kofia.

Wanaume walikaa sablani, baraza lao la kukutania, siye wanawake chumba cha ubavuni, mlango uko wazi. Salma amekaa karibu yangu, amenishika goti, anatabasamu. Upande wa pili wa chumba Thuraya, mwembamba, mweusi-mweusi wa jua, anatazama mkeka.

Wakili akaita jina la baba yetu. Kaka Nassor akasimama, na akasema. Alisema kwa Kiarabu, yote, habari ya ami na habari ya kuchagua, na Khalfan, na jiwe. Hakujipunguzia hata neno. Mwisho sauti ikamkatika, akaliacha lile baraza zima na Kiarabu chao, akasema kwa Kiswahili, "Salma, mdogo wangu, nisamehe. Sikujua. Na nilipojua niliona haya."

Mkono wa Salma ukatoka gotini mwangu.

Kule wakili akasema alilopaswa kusema. Maji ni ya warithi wa Khalfan. Kwa zamu mpya hayatoshi mashamba mawili. Mola atuhurumie sote.

Nilingoja Salma apige kelele, mnamjua. Hakupiga. Aligeuka, akamtazama Thuraya, na hii nawapa kwa Kiswahili, walisema Kiarabu.

"Miaka yote hii nakunywa maji yako," akasema, "na neno nililokupa ni mwizi."

"Nililisikia," Thuraya akajibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mume wangu aliniapisha. Siku ile nilirudi nyumbani nikalia. Kisha zamu ikafika, nikaenda nikaondoa jiwe."

Thuraya akainuka, akasimama mlangoni, uso amegeuzia upande wa siye, sauti ya kuwafikia wanaume. "Mitende yangu kumi na minne, yake kumi na mmoja. Maji hayatoshi yote, wakili kasema kweli. Lakini siwezi kuitazama yangu yote inaishi na yake yote inakufa. Tutachagua. Yangu itakufa mingine, na yake itakufa mingine." Akamnyooshea Salma mkono. "Inuka. Twende kabla zamu haijafika."

Biriani ikapoa, hatukula. Baada ya alasiri tukateremka kwenye matuta, wale wawili mbele, mie na Ahlam nyuma. Ahlam alikuwa na simu yake mkononi, lakini hakuandika. Thuraya alianza kwake. Huu, huu, na ile miwili ya pembeni, na ule wa tende za fardhi. Mitano ya kuachwa ife, aliisema haraka, kama mtu anayeng'oa jino. Salma alikwenda polepole. Aligusa kila shina. Huu wa naghali wa kwanza kuiva kila mwaka, ubaki. Huu kichwa kimeshakauka, basi. Akabakisha minne.

Kaka Nassor akaifunga kanzu kiunoni, akavua viatu, akaingia mferejini. Hakumwachia mtu kazi ile. Kila penye njia ndogo ya maji ya kwenda kwenye mtende ulioachwa, anatia jiwe, anashindilia kitambaa pembeni yake, na Salma anasimama juu anamwambia, "Huu ziba. Huu acha. Huu ziba."

Wakafika kwenye ule wa tende za khunaizi. Huo Salma aliupanda alipozaa mtoto wake wa kwanza, sote twajua, kila mgeni alikuwa akihadithiwa. Makuti ya chini yameshakuwa majivu, kichwani bado kijani. Kaka akasimama na jiwe mkononi, maji vifundoni.

"Huu si ule..."

"Ziba, kaka."

Akainama, akaziba, akakandamiza kitambaa kwa vidole vyake viwili, akahakikisha. Maji yakateremka kutoka kwa Thuraya, membamba, yanang'aa. Yalifika pale, yakaligonga lile jiwe kidogo, yakazunguka, yakapita kwenda kwenye mingine.